Saa Yako Haihitaji Yaya

Wasee, leo nataka tugombane kidogo. Nitaanza na wenye pesa, kisha nitarudi kwetu sisi tunaoshinda tukiangalia video za wenye pesa.

Kuna kifaa kinaitwa wainda. Kama hukijui kwa jina, nina hakika umeshakiona kwa macho. Ni kile kisanduku cheusi chenye kioo na taa ya bluu kinachotokea kwenye zile video za “karibu chumbani kwangu”. Ndani kuna mota ndogo na kimto. Saa ya mkono inafungwa kwenye kimto, mota inawashwa, na saa inaanza kuzungushwa polepole, mchana na usiku, hata mwenyewe akiwa Dubai. Kazi yake ni moja tu: kuidanganya saa ifikirie imevaliwa.

Ndiyo, umesoma vizuri. Mtu amenunua saa ya kuvaa mkononi, haivai, kisha amenunua mashine ya kuivaa kwa niaba yake.

Msimamo wangu nausema mapema ili usinilaumu baadaye. Kwa karibu kila mtu anayeuziwa wainda, hiyo ni pesa imetupwa. Na maneno yanayotumika kuiuza ni uongo, au ni ukweli uliokatwa katikati. Maneno hayo yanatufikia mpaka sisi wa Roysambu na Rongai ambao hata hiyo saa yenyewe hatuna.

Kwanza tuelewane kuhusu saa. Najua kuna mtu atasema jamaa aliyeacha chuo anajua nini kuhusu mitambo. Bana, hii haihitaji digrii. Inahitaji dakika tano.

Saa ya otomatiki haina betri. Ndani yake kuna springi iliyokazwa. Springi ikilegea polepole inasukuma magurudumu, na magurudumu yanasukuma mishale. Swali ni nani anaikaza tena ikilegea. Zamani mwenye saa alifanya hivyo kwa vidole kila siku, na wazee wetu waliita kazi hiyo kutia saa ufunguo. Kwenye otomatiki, kazi inafanywa na kipande cha chuma chenye umbo la nusu duara kinachoitwa rota. Ukitembea, ukisonga ugali, ukipunga mkono kusimamisha matatu, rota inazunguka na springi inakazwa. Ukiivua, nguvu iliyobaki inaiendesha kwa muda. Seiko zenye mashine ya 4R36 zinaenda kama masaa 41. Rolex nyingi za siku hizi zinafika kama 70. Tissot za Powermatic 80, jina limesema lenyewe. Baada ya hapo saa inasimama. Haijafa, imelala.

Wazo hili lina historia. Mwingereza John Harwood alipata hataza yake Uswisi mwaka 1924, kwa saa ya mkono inayojitia ufunguo yenyewe. Kilichomsumbua ni vumbi na unyevu uliokuwa ukiingia ndani kupitia tundu la ufunguo, kwa hivyo akatengeneza saa isiyo na ufunguo kabisa. Mwaka 1931 Rolex wakaja na rota inayozunguka duara zima. Watu hawa walitoa jasho ili saa iishi kwa mwendo wa aliyeivaa. Karibu miaka mia baadaye, tumechukua saa ambayo sifa yake kubwa ni kutohitaji umeme, tumeichomeka kwenye soketi. Tokeni zikiisha, saa nayo inalala. Sasa ni Kenya Power ndio wanakuvalia saa.

Na tusidanganyane kwamba watu hununua otomatiki ili wajue majira. Casio F-91W, ile ya plastiki iliyotoka mwaka 1989, inapotea sekunde 30 hivi kwa mwezi na betri yake inakaa kama miaka saba. Saa ya Uswisi iliyopasi mtihani wa COSC, ule ambao mashine zake zinapewa cheti, inaruhusiwa kuchelewa sekunde 4 au kukimbia sekunde 6 kila siku. Kila siku! Ikikimbia sekunde 6 kwa siku 30, hizo ni dakika tatu nzima. Simu yako ya elfu kumi inaishinda zote.

Kwa hivyo mtu anayenunua otomatiki hanunui majira. Ananunua ule uhusiano: mimi natembea, nayo inatembea. Mimi nikipumzika sana, nayo inapumzika. Ni kitu kizuri, na silaumu mtu yeyote anayekipenda. Mimi mwenyewe naweza kukaa nikiangalia mgongo wa kioo wa Seiko 5 kama mtoto anayeangalia samaki. Lakini wainda inaua jambo hilo hilo ulilolipia. Unabaki na saa inayotembea bila wewe.

Sasa tuje kwa uongo.

Mwaka huu duka moja liliniandikia. Sitalitaja. Walitaka video ya sekunde arobaini, na walikuwa wameshaandika maneno nitakayosema. Sentensi ya kwanza ilikuwa: saa yako ya otomatiki ikisimama, inaharibika. Niliwauliza inaharibika vipi, kitu gani ndani kinavunjika. Hawakunijibu swali, waliongeza pesa. Nilikataa. Si kwa sababu mimi ni mtakatifu, mimi pia nakula kwa matangazo. Nilikataa kwa sababu nusu ya wanaoniangalia wako shule ya upili, na sentensi hiyo si kweli.

Tuichambue. Wanasema saa ikisimama, mafuta ya ndani yanaganda. Hii ilikuwa na maana enzi za mafuta ya zamani ya wanyama, yaliyokuwa yakibadilika na kuwa mazito. Mafuta ya kisasa ya saa ni ya maabara. Nayo yanazeeka, kweli, lakini yanazeeka saa ikitembea au ikilala. Ndiyo maana Omega wanashauri saa ifanyiwe huduma kila baada ya miaka 5 hadi 8, na Rolex wanasema takriban 10. Wainda haiongezi tone hata moja la mafuta.

Inachoongeza ni msuguano. Fanya hesabu nami. Saa nyingi za kisasa zinapiga mara 28,800 kwa lisaa. Kwa siku ni mara 691,200. Kwa mwaka ni zaidi ya milioni 252. Juu ya hapo, wainda ikiwekwa mizunguko 650 kwa siku, ambayo ni kiwango cha kawaida kwa saa nyingi, unapata mizunguko 237,250 kwa mwaka. Vyuma vinasuguana kazi yote hiyo, ndani ya sanduku, na hakuna mtu hata mmoja aliyeitazama ajue ni saa ngapi. Gari lililoegeshwa vizuri na gari lililoachwa likinguruma usiku kucha kwenye maegesho, ni lipi litamwona fundi mapema?

Nitakuwa muungwana hapa. Wainda nzuri haitakupasua saa. Springi ya otomatiki ina sehemu ya kuteleza, ikijaa haiendelei kukazwa mpaka ikatike, kwa hivyo anayekwambia wainda italipua saa yako naye anakudanganya. Hoja yangu ni ndogo kuliko hapo: haikusaidii chochote, na unailipia.

Uongo wa pili ni muda. Ati kutia saa iliyosimama ni usumbufu mkubwa. Usumbufu gani? Unazungusha ufunguo mara ishirini hivi, unauvuta, unapanga mishale, unapanga tarehe, unausukuma ndani. Kama ni Seiko ya zamani isiyokubali kutiwa kwa ufunguo, unaitikisa kidogo kama unayechanganya dawa ya kikohozi, inaamka. Jambo la kukumbuka ni kutobadilisha tarehe kwa haraka kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku, kwa sababu kwenye saa nyingi ndipo magurudumu ya tarehe yameshikana. Basi. Dakika moja, mbili ukiwa na mawazo mengi.

Tuseme unabadilisha saa mara mbili kwa wiki. Hizo ni dakika 104 kwa mwaka mzima. Hazifiki masaa mawili. Wewe mkaaji wa Nairobi, Ijumaa ya mvua Mombasa Road imeshakula zaidi ya hapo na hukununua mashine. Halafu sisi ni watu ambao tangu utotoni tunaona mshale kwenye 7 na mdomo unasema saa moja bila kufikiri. Hesabu hiyo tunaiweza tukiwa na usingizi. Kupanga tarehe ndiko kutatushinda?

Kuna watu ambao wainda inawafaa, na nitawataja kwa haki. Kuna saa zenye kalenda ya kudumu, zinazojua Februari ina siku ngapi na mwaka mrefu ni upi. Mfano ni IWC Da Vinci ya mwaka 1985. Saa kama hiyo ikisimama muda mrefu, kuirudisha kwenye tarehe, siku, mwezi na mwaka wake kunaweza kuwa kazi, na ukikosea ni safari ya kwa fundi. Mwenye nayo akitaka wainda, anunue, sina neno. Mwingine ni mtu mwenye maumivu ya viungo ambaye vidole vyake haviwezi kushika ufunguo mdogo. Huyo pia anunue, tena nitamsaidia kuifungua boksi. Sasa niambie ukweli: kati ya watu kumi unaowaona na wainda mtandaoni, wangapi wana kalenda ya kudumu? Wengi wana saa ya mishale mitatu na tarehe. Mashine ya kumtunza mgonjwa imeletwa kwa mtu mzima mwenye afya.

Hapo ndipo mtaniambia, “Unaongea hivyo kwa sababu huna.” Sawa. Sina Rolex. Lakini hoja haiulizi mfuko wa aliyeisema. Dakika 104 ni dakika 104 kwa bilionea na kwa mimi. Na kama jibu pekee ulilo nalo ni wivu, maana yake kwenye mafuta na msuguano umeshindwa.

Mimi nadhani wainda haiko pale kwa ajili ya saa. Iko pale kwa ajili ya kioo na taa. Saa kumi zikiwa kwenye droo, hakuna anayeziona. Zikizunguka zote kwa pamoja kwenye kabati lenye mwanga, hata mgeni asiyejua Seiko na Omega anaelewa: huyu ana nyingi kuliko mikono yake. Ni onyesho. Na kila onyesho linahitaji watazamaji, ambao ni mimi na wewe.

Kumbuka Juni 2024. Vijana wakati ule walikuwa wakipinga Mswada wa Fedha, na moja ya mambo yaliyochoma watu roho ilikuwa ni wanasiasa kujionyesha: magari, mikanda, saa. Watu walikuwa wanakuza picha za mikono ya viongozi na kutafuta bei. Tuliuliza, kwa sauti, mtu anavaaje bei ya darasa mkononi huku darasa lenyewe halina dirisha. Mswada ukaondolewa. Swali letu lilikuwa la haki. Sasa mbona sisi wale wale, simu zile zile, tunaipigia makofi saa ile ile ikizunguka kwenye sanduku, mradi tu mwenyewe ni kijana na ameweka muziki mzuri chini yake? Kama kujionyesha kulikuwa kubaya kwa mheshimiwa, taa ya bluu haikufanyi kuwe kuzuri.

Na mambo hayaishii kwa kutazama. Yakishuka mtaani yanakuja yakiwa feki. Saa feki ya elfu tatu, na wainda ya bei rahisi ya elfu kadhaa ya kuizungusha, pengine yote kwa mkopo wa simu. Saa feki haijui COSC, haina jina la kulinda, lakini ina yaya. Kuna mtu wa miaka kumi na tisa analipa riba ili chuma bandia kisilale usingizi. Hiyo si starehe, wasee. Jina la dukani ni wainda. Toa herufi moja tu, inabaki winda, na kinachowindwa hapo unakijua.

Nimeiita yaya kwa makusudi, na hapa ndipo naacha utani.

Wengi wetu tumelelewa na yaya. Wengine mama zetu ni mayaya, ndio waliotusomesha kwa kubembeleza watoto wa wenyewe. Notisi ya serikali ya Novemba 2024 iliweka mshahara wa chini wa mfanyakazi wa nyumbani, yaya akiwemo, kuwa Sh16,113.75 kwa mwezi kwa Nairobi, Mombasa na Kisumu. Wainda ya jina kubwa, ya kubeba saa moja tu, bei yake ni mamia ya dola. Chukua dola 400, kwa kiwango cha Sh129 hivi, unapata Sh51,600. Hiyo ni zaidi ya miezi mitatu ya mtu anayebembeleza mtoto wako halisi, mwenye homa, saa nane usiku. Na unajua vizuri kwamba kuna nyumba nyingi ambako hata hiyo elfu kumi na sita inabishaniwa, inakatwa, inacheleweshwa mpaka tarehe kumi.

Kuna jambo moja kuhusu wainda lililonifanya nicheke kisha nikanyamaza. Ina mapumziko. Inazunguka dakika chache, inasimama, inapumzika, inaanza tena. Watengenezaji wameipangia hivyo kwa sababu kuzunguka bila kukoma si kuzuri. Wanunuzi wanauliza kabisa: ratiba yake ya kupumzika ikoje? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema mfanyakazi apate angalau siku moja ya kupumzika kati ya saba, na siku 21 za likizo kwa mwaka. Nenda uliza mayaya wa mtaa wako wangapi wanaijua Jumapili. Tumefika mahali ambapo mtu anasoma maagizo ya kisanduku kwa makini kuliko sheria inayomlinda binadamu anayempikia.

Usiniambie nimechanganya mambo. Pesa ni ile ile na mfuko ni ule ule. Mtu anapochagua kulipia ulezi wa chuma, ametuonyesha anachokiona kinastahili kulelewa.

Basi nifanye nini, unauliza, nina saa ya otomatiki na naipenda? Ivae. Ukichoka nayo, iache ilale mahali pakavu, mbali na spika na sumaku. Pesa uliyotaka kununulia wainda, iweke pembeni ya siku ya huduma, umpelekee fundi anayeijua kazi yake, yule wa kimeza kidogo kandokando ya River Road mwenye lenzi kwenye jicho, au wa dukani ukipenda. Huyo atafungua, atasafisha, atatia mafuta mapya. Atafanya kweli kile ambacho kisanduku kilikuwa kinaigiza. Fundi wa saa ni kazi inayopotea mjini hapa, na haipotei kwa sababu saa zimekwisha. Inapotea kwa sababu tunanunua vifaa vya kuonyesha saa badala ya kulipa mtu wa kuitengeneza.

Na kama una saa nyingi kiasi kwamba lazima mashine ikusaidie kuzivaa, shida yako si saa kusimama. Una saa ambazo huzihitaji. Mpe moja mdogo wako anayeanza kazi. Mfundishe kutia ufunguo, mwambie asiguse tarehe usiku. Ataivaa kila siku, itatembea kwa sababu yeye anatembea, na hutalipia tokeni.

Nyinyi mnaotengeneza kontenti kama mimi, nina ombi moja tu. Mkiletewa yale maneno ya “saa ikisimama inaharibika”, ulizeni swali nililouliza: kitu gani ndani kinavunjika? Msubiri jibu kabla ya kuwasha kamera. Wakiongeza pesa badala ya kujibu, mmeshajibiwa.

Mwenye wainda na ana hoja, alete, nipo. Lakini aje na mafuta, msuguano na hesabu. Wivu wangu tuuache kando, na kwanza amlipe yaya wa mwezi huu.